Boksi la michezo ya hesabu ama karata za River Road? Nimetumia zote na gredi 3

Walimu wenzangu na wazazi mnaotafuta michezo ya hesabu ya watoto wawili wawili, wacha nianze na jibu ndio mwenye haraka asihangaike: lile boksi kubwa la rangi rangi linalouzwa huku tao Nairobi liache hapo hapo, chukua pakiti ya karata, dadu kadhaa na domino, chenji ikibaki nunua karatasi ngumu za manila na makapen. Nafundisha gredi 3 huku Eastlands, darasa limejaa mpaka mlangoni, dawati zingine watoto wawili zingine watatu, na hivi vitu vyote nimevitumia kwa vipindi vyangu na hao hao watoto, kwa hivyo nitakayosema nimeyaona kwa macho.

Mchezo wa hesabu mimi naupima na swali moja. Wakati mtoto mmoja anacheza zamu yake, mwenzake anafanya nini? Kama mwenzake anaangalia dirishani akingoja, basi nusu ya darasa haihesabu chochote, na kipindi chetu cha madarasa ya chini ni dakika 30, ukitoa kugawa vifaa na kutuliza watu unabaki na kama 20, gawa hizo kwa wawili, mtoto amefanya hesabu dakika 10 tu. Tumeshaambiwa sana tangu mtaala wa CBC uanze 2019 kwamba watoto wajifunze kwa kucheza, na mimi naunga mkono kabisa, lakini kuna kucheza kunakofanya kichwa kifanye kazi na kuna kucheza kunakopitisha muda, na anayeuza boksi hatakwambia la kwake ni gani.

Sasa lile boksi. Nilinunua kwa duka moja la vifaa vya shule, lilinikula elfu mbili na kitu. Ndani kuna bodi ya namba 1 mpaka 100, gurudumu la kuzungusha lenye mshale, kadi za maswali zenye jibu nyuma, kengele ya kugonga ukijua jibu, na noti za karatasi za kuchezea duka. Linapendeza, hilo silikatai, watoto walipiga makofi nilipofungua.

Shida zikaanza na zile kadi. Mmoja anashika kadi, anasoma swali, mwenzake anajibu, na aliyeshika kadi tayari anaona jibu nyuma, kwa hivyo hana haja ya kufikiria hata kidogo, kazi yake ni kusema ndio ama la. Alafu kadi moja imechapishwa vibaya, 7 × 8 imeandikwa 54. Aliyekuwa anajibu alisema 56, sawa kabisa, akaambiwa amekosa, na kwa sababu kadi ndio inasema hivyo wote wawili wakaamini kadi. Nilipofika kwa hiyo dawati yule mtoto alikuwa ameanza kubadilisha jibu lake kwa daftari. Hiyo iliniuma sana, kwa sababu ni mtoto ambaye nimemsukuma muda mrefu mpaka akaanza kujiamini, na karatasi ya kiwandani inamwambia hajui.

Kengele nayo niliificha siku hiyo hiyo. Mchezo wowote wa nani wa kwanza unafaidi mtoto mmoja tu, yule mwepesi. Yule mwingine akishashindwa mara kadhaa mfululizo anaacha kuhesabu kabisa, anangoja mwenzake agonge ndio arudie jibu, na ukipita haraka kati ya madawati utadhani wote wanajua. Wale wanaohitaji mazoezi zaidi ndio wanafanya kidogo kuliko wote. Mshale wa gurudumu ulilegea ukawa unasimama upande mmoja. Na zile noti ni dola! Mtoto wa hapa anatumwa dukani kila jioni, anajua mkate na maziwa vinarudisha ngapi, unampa dola za karatasi ahesabu, za nini jameni. Kitu kizuri mle ndani ni bodi ya 1 mpaka 100, ni ngumu, haipindi, namba zinaonekana vizuri, hiyo bado tunaitumia. Lakini bodi kama hiyo unaweza kuichora kwa manila jioni moja ukiwa na rula.

Karata sasa. Pakiti ina karata 52 ukiacha zile joker, toa J, Q na K unabaki na 40, esi (ile A) inakuwa 1. Mchezo wa kwanza ni vita vya kujumlisha, kila mtoto anapewa 20 zikiwa zimefunikwa, wote wanafunua mbili mbili kwa pamoja, wanajumlisha, mwenye jumla kubwa anachukua zote nne. Kama ni sare wanafunua tena mbili mbili na mshindi anabeba rundo lote. Hivyo tu tayari wote wanahesabu kila raundi, hakuna anayengoja zamu. Mimi niliongeza sheria moja na ndio imefanya mchezo huu uwe bora kuliko yote niliyojaribu: hausemi jumla yako, unasema ya mwenzako. Yeye anafunua 8 na 6, wewe ndio unatangaza 14. Kwa vile ni karata zake hatakubali umpunguzie hata moja, kwa hivyo na yeye lazima awe amehesabu, na wewe unahesabu zako pia kimya kimya ndio umkague. Kila mtu amefanya hesabu mbili kwa raundi moja na hakuna aliyelazimishwa.

Ukitaka kutoa, tumia karata hizo hizo, ndogo itolewe kwa kubwa na mwenye tofauti ndogo ndiye mshindi. Kuzidisha pia inaenda lakini anza na karata za 1 mpaka 5, kwa sababu ukiwapa 7, 8 na 9 mapema mchezo unasimama, wanaanza kuhesabu vidole huku raundi imekwama na vita vimegeuka mateso.

Mchezo wa pili wa karata ndio naupenda mimi mwenyewe kama mwalimu. Toa na zile 10, unabaki na 36, kuanzia 1 mpaka 9, kila namba ziko nne. Tandaza zote dawatini zikiwa wazi, watoto kwa zamu wanatafuta mbili zinazofanya 10: 1 na 9, 2 na 8, 3 na 7, 4 na 6, 5 na 5. Uzuri wake ni kwamba mchezo unajikagua wenyewe. Jozi zote ni 18 na karata zote lazima ziishe, kwa hivyo mkimaliza mkabaki na karata mbili zisizofanya 10, kuna mtu alichukua jozi mbovu mahali fulani na nyinyi wawili mtafute ni wapi. Sihitaji kuzunguka nikisahihisha. Naona madawati mengine yamenyamaza wakirudi nyuma jozi kwa jozi, mmoja anasema ngoja, hii 3 na 6 ni ya nani, na hapo wanajifunza kuliko vile mimi ningesema ubaoni nikarudia.

Wakishazoea funika karata, inakuwa mchezo wa kukumbuka, unafunua mbili, kama hazifanyi 10 unarudisha. Hapo mwenzako hawezi kuangalia dirishani, akipoteza macho amepoteza jozi.

Kwa dawati la watatu, ambalo darasani kwangu ni mengi, kuna huu: wawili wanabeba karata moja moja wanaiweka kwenye paji la uso bila kuiangalia, kila mmoja anaona ya mwenzake lakini haoni yake, wa tatu anaona zote anatangaza jumla. Akisema 12 na unaona mwenzako ana 5, yako ni 7. Wa tatu amejumlisha, wawili wametoa, alafu wanabadilishana. Watoto wanacheka sana na huu mchezo, na ni kutoa ndani ya 20 wanafanya, kitu ambacho kwa daftari wanalia.

Kuhusu karata lazima niseme la wazazi. Wengine walikuja shule wamekasirika, mtoto amerudi nyumbani akisema leo tumecheza kadi na ticha, na huku mtaani kadi ni vijana wa pale kona na pesa mezani, na kila mtu amewahi kuona mtu akimalizwa na kamari ya pata potea huko tao. Siwalaumu hata kidogo, mzazi anayelinda mtoto wake na kamari anafanya kazi yake. Nilikaa nao nikawaonyesha mchezo, wengi wakaelewa, na kwa wale ambao hawakuridhika nilikata manila vipande nikaandika namba tu na makapen, hakuna kopa hakuna shupaza, na mchezo unaenda vile vile. Kama shule yako ni ya kanisa ama madrasa anza moja kwa moja na manila, ukate mara mbili uunganishe kwa gundi ndio namba isionekane upande wa pili.

Dadu ni za pili kwa ubora, zingekuwa za kwanza kama si kelele. Hebu fikiria dadu hamsini zikigonga mbao kwa pamoja, na mwalimu wa darasa linalofuata anajaribu kusomesha Kiswahili. Dawa ni chupa ndogo ya maji, ile ya plastiki inayoonekana ndani, weka dadu mbili, funga kifuniko kabisa, mtoto anatikisa na kusimamisha wima anasoma. Hazianguki, haziibiwi, hakuna wa kuingia chini ya dawati kuzitafuta na kurudi baada ya dakika tano.

Mchezo wa dadu ninaopendekeza, kila mtoto anaandika namba 2 mpaka 12 kwa karatasi na kufunika kila moja na kizibo cha soda. Chupa ikitikiswa jumla inayotoka wote wanaangalia, kila mtu anatoa kizibo kwa karatasi yake, wa kwanza kumaliza vizibo ameshinda. Kwa raundi za kwanza wape vizibo kimoja kimoja, alafu raundi zinazofuata waambie kila mtu ana vizibo 11 lakini aviweke anapotaka yeye, hata vitano kwa namba moja. Hapo ndio utaona akili za watoto. Wanaanza kuvihamisha kutoka 2 na 12 wanavirundika kwa 6, 7 na 8, na hujawafundisha. Dadu mbili zinaweza kutua kwa njia 36, kati ya hizo 7 ina njia 6, lakini 2 ina moja tu na 12 moja tu. Mtoto wa miaka minane hajui kusema hivyo lakini mkono wake umeshajua.

Kuna na ule wa dadu moja, unarusha mara nyingi unavyotaka ukijumlisha, ukiona imetosha unasimama na kuweka pointi zako, lakini 1 ikitoka umepoteza zote za zamu hiyo, wa kwanza kufika 100 ni mshindi. Ni mtamu sana, ila kwa swali langu unafeli kidogo kwa sababu mwenzako anakaa. Nimeurekebisha hivi: anayerusha haandiki, mwenzake ndiye anaandika na kujumlisha, na akikosea kujumlisha pointi zinabaki za anayerusha. Kalamu ikiwa kwa mpinzani kila mtu anakuwa makini.

Domino niliitarajia zaidi ya ilivyonipa. Ziko 28, kuanzia 0-0 mpaka 6-6, ni nzuri kwa kuzidisha kwa sababu namba haziendi juu ya 6, kila mmoja anachukua moja, anazidisha pande mbili, kubwa inashinda. Kitu kimoja kizuri sana ni zile 7 zenye upande mtupu. Mtoto anashika 0-6 akifurahi kwamba ana 6, mwenzake ana 1-1, na aliye na 1-1 ndiye anashinda, 6 mara 0 ni 0, wakashikana mabishano mpaka wakaniita. Sikuwajibu, niliwaambia waniwekee vizibo mafungu 6 yenye vizibo 0 kila fungu. Wakaangalia dawati tupu wakaelewa. Lakini kwa darasa kubwa domino ni ghali kuliko karata, ni nzito kubeba, na watoto huishia kujenga ukuta wa kuangusha, kwa hivyo seti moja mbili za kona ya michezo zinatosha.

Ule mchezo wa duka wa noti za boksi usiupeleke mbali, tengeneza mchezo wa kondakta na abiria wa matatu. Noti za 50, 100 na 200 chora kwa karatasi, shilingi za 5, 10 na 20 zikate kwa manila. Abiria anasema tuko wawili, ni 30 kwa 30, anatoa 200, kondakta anarudisha 140. Abiria lazima ahesabu chenji kabla hajasema asante, akikubali chenji pungufu imeenda, gari limeondoka. Watoto wa Nairobi hii hesabu wanaiishi, wako kwa matatu na mama zao kila wiki, kwa hivyo hata wale wazito wa daftari hapa wanachangamka. Nina mtoto mmoja ambaye ubaoni haongei kabisa, mpe ukondakta utamsikia mpaka ofisini. Onyo dogo, nauli iwe ndogo na watu wasizidi watatu, na usiache wapandishe nauli mvua ikinyesha maana wataanza bila kuambiwa.

Usipokuwa na chochote, hata karatasi, kuna mbio za 20. Wawili wanahesabu kutoka sifuri, kila mtu kwa zamu anaongeza 1 ama 2, anayetamka 20 ndiye mshindi. Wanacheza siku mbili tatu wakidhani ni bahati, alafu mmoja anagundua kwamba ukishika 17 mwenzako hana njia, baadaye anagundua 14, anarudi nyuma 11, 8, 5, mpaka anajua aanze yeye na aseme 2. Nawaomba sana msiwaambie siri hii. Aliyeigundua mwenyewe usoni anabadilika, na mwenzake naye hatalala mpaka aipate. Wote wakishajua badilisha iwe 21, ama ruhusu kuongeza mpaka 3, waanze upya kutafuta.

Kupanga nani akae na nani kuna uzito kuliko mchezo wenyewe. Mwepesi na mzito wakicheza sawa kwa sawa mzito atachoka, wazito wawili pamoja hawana wa kuwashtua wakikosea. Ninachofanya mimi ni kumwongezea mwepesi mzigo: kwa vita yeye anafunua karata tatu na kuchukua mbili zenye namba ndogo, mwenzake anafunua mbili kawaida. Mwepesi anafanya kazi zaidi na bado anaweza kushindwa, mzito anapata ushindi wa haki. Sijaona boksi lolote la dukani lenye maelezo ya hivyo, lote linadhani watoto wawili wako sawa.

Ukienda kununua, karata zitafute River Road hapo tao na vichochoro vyake, chukua zile zenye plastiki juu hata kama zimezidi kidogo, za karatasi tupu zinalainika kwa jasho la watoto muhula haujaisha. Fungua pakiti hapo hapo uhesabu 52 kabla hujalipa. Dadu utapata soko la Kamukunji kwa wanaouza vitu vya plastiki kwa jumla, zigeuze moja moja, pande mbili zinazotazamana lazima zifanye 7, yaani 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4, kuna zingine zina 4 mara mbili na hazina 3. Vizibo ni bure, ongea na mwenye kibanda mapema akuwekee.

Na usinunue pakiti moja kwa kila dawati. Ule mchezo wa kufanya 10 ukigawa nyekundu dawati moja na nyeusi dawati lingine bado unafunga vizuri, karata 18, jozi 9, hakuna inayobaki. Watoto 48 ni jozi 24 za watoto, pakiti 12. Mimi kwa kuongea vizuri nilipewa kwa 150 kila moja, jumla 1,800, darasa lote linacheza kwa wakati mmoja, na lile boksi la elfu mbili na kitu lilitosha dawati moja.